Mwaka wa Kukagua Mikono ya Nasteho

Fundi Dubow alizikwa Ijumaa baada ya swala, na sisi wanawake tukakaa kwa mkewe siku tatu tukipika na kupokea watu. Siku ya pili mama mmoja aliyetoka Bura mjini, ambaye hakunijua, alisema huku akichambua mchele kwamba marehemu alikuwa fundi mzuri, Mungu amrehemu, ila kile kisima chetu alikiua kwa kiburi. Aliambiwa asivute mabomba, akavuta. Mjane alisikia, akageukia sufuria. Mimi pia nilisikia na sikumsahihisha, na sinia langu la mchele likaenda jikoni na mawe yake kwa sababu macho yangu hayakuwa pale. Wengi hapa Garissa wanaamini hivyo. Hapa hakuna anayekumbuka kwamba Dubow aliuliza kwanza, na kwamba aliyemjibu ni mimi. Sasa ni miaka minne nimekaa na jambo hilo. Kwa kuwa yeye hawezi tena kujisemea, nitausema mwaka wote ulivyokwenda, ule mwaka mjukuu wangu Nasteho alipoanza kusomea uinjinia na mimi nikakaa naye chumba kimoja nikimchunga kama mwizi.

Kwetu, upande wa Bura, tulikuwa na kisima cha mashine. Kimechimbwa kwenda chini sana, mabomba yameungwa moja juu ya jingine, na pampu yenyewe imezama huko majini ambako hakuna jicho linafika. Ikinyamaza, watu na mifugo husimama wakiangalia mfereji mkavu hadi aje mtu wa mbali. Kwa hivyo barua ya Nasteho ya chuo ilipofika, na imeandikwa uinjinia, wazee arobaini walikaa siku mbili. Wengine walisema msichana hafai kukaa miaka mitano katikati ya vijana. Wengine walisema tukipata wetu wa kujua mashine hatutangoja tena gari la kaunti. Mimi si mtu wa kusema katika kikao cha wanaume, lakini niliomba nikapewa nafasi, nikasema nitahamia Garissa mjini nikae naye, mimi ndiye dhamana yake, na siku nitakapoona hasomi kile alichosema anasoma nitamrudisha kwa mkono wangu. Mzee Shale, ambaye ndiye mkubwa wa kikao, akasema, "Neno lako tumelishika. Siku utakayoliondoa, msichana anarudi siku hiyohiyo." Ndivyo tulivyoachana. Kusoma kwa Nasteho kulikaa juu ya ulimi wangu, na yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati, cha tatu kutoka barabarani, kina dirisha moja dogo linaloangalia ukuta wa jirani. Adhuhuri mabati yalitoa sauti kama mtu anavunja vijiti. Tulikuwa na vitanda viwili na pazia katikati, jiko la makaa mlangoni, na meza ambayo nilidhani ni ya kulia chakula mpaka wiki ya kwanza ilipokwisha. Nasteho alileta ubao mkubwa wa kuchorea, akaulaza juu ya meza, akabandika karatasi juu yake kwa utepe wa gundi, na tangu siku hiyo tulikula chini kwenye mkeka. Asubuhi nilipika anjera, chapati zetu laini za unga uliochachuka, na chai ya maziwa ya ngamia, yeye akala moja na nusu akaondoka. Jioni alirudi akiwa na njaa ya mchungaji. Wakati akinawa kabla ya kula, nilimshika mkono nikaugeuza. Alidhani namwonea huruma. Nilikuwa natafuta mafuta. Nimeona mafundi maisha yangu yote, weusi wa mashine hautoki kwenye kucha hata kwa sabuni ya kufulia. Mikono ya Nasteho ilikuwa na wino kidogo kwenye kidole cha kati, basi. Wiki moja, wiki mbili, mwezi. Safi kama mikono ya bibi harusi.

Niseme kwa nini jambo hilo lilinikaa. Kwetu mtoto hafundishwi mnyama kwa maneno. Akiweza kutembea anapewa watoto wa mbuzi, awashike, wamkojolee, wamponyoke alie. Akikua anapewa mbuzi, halafu ng'ombe, na ngamia mwisho. Kila hatua ni ya kushika. Hakuna mtu aliyewahi kumkalisha mtoto mwaka mzima akamchorea ngamia ukutani. Kwa hivyo mimi nilitarajia kwamba mwaka wa kwanza wa uinjinia watapewa mashine ndogo, kitu kama cherehani, waivunje na kuirudisha. Mwaka wa pili jenereta. Kisima mwisho. Nilipomuuliza wameshapewa mashine gani, akasema, "Ayeyo, mwaka huu hatupewi mashine." Ayeyo ndiyo nyanya kwetu. Nikamuuliza wanapewa nini. Akasema hesabu, fizikia, kemia, michoro, kompyuta, karakana siku moja kwa wiki, na somo la mawasiliano. Nikamuuliza mawasiliano ni nini. Akasema ni jinsi ya kuandika barua na kuzungumza mbele ya watu. Nikaweka kijiko chini. Msichana huyu aliniandikia barua zangu zote za ofisi tangu akiwa darasa la tano, na sasa amevuka wazee arobaini kwenda kufundishwa barua.

Hapo ndipo nilianza kumhoji jinsi baba zetu walivyomhoji sahan. Sahan ni yule anayetumwa mbele kutafuta malisho kabla watu hawajahama. Akirudi haulizwi swali moja. Anapewa maziwa, anaachwa apumzike, halafu anaulizwa safari yake kutoka mwisho kwenda mwanzo, kisha kutoka katikati, kisha anaulizwa kitu kidogo cha pembeni, ule mti wa njia panda bado una kiota, ili ionekane kama alifika kweli au alilala njiani. Watu wamekufa kwa sahan mwongo. Basi kila jioni, baada ya kula, nilimwambia Nasteho, "Haya, anza na somo la mwisho." Akaanza. "Nani alikaa kulia kwako? Mwalimu alivaa nini? Alifuta ubao kwa kitambaa au kwa mkono?" Alijibu yote. Nikamuuliza wamefundishwa nini hasa, hapo ndipo alipoanza kukwama. Mara nyingine alisema, "Leo sikuelewa." Mara nyingine, "Hiyo sijui, nitamuuliza Mwende." Mimi niliweka hayo majibu moyoni kama mtu anayekusanya ushahidi. Yule anayesoma kweli, nilijiambia, atakosaje kujua alichosoma leo?

Mwende alikuwa mwenzake wa darasa, Mkamba wa upande wa Mwingi, mfupi, mwenye kicheko kinachopita ukuta. Alikuja kwetu karibu kila siku kwa sababu ya ile meza. Aliniita shosh, jinsi vijana wa Nairobi wanavyoita nyanya, na mimi nilimwacha. "Shosh, leo anjera imebaki?" "Imebaki ya waliosoma." "Basi mimi nimekosa, shosh, nimesoma tangu asubuhi na hakuna kilichoingia." Nilimpa. Walisimama pande mbili za ubao, wamechonga penseli kali kama miiba, wakichora kipande cha chuma kimoja mara tatu: kikionekana kutoka mbele, kutoka juu, kutoka ubavuni. Mstari ukizidi unene kidogo walifuta wakaanza upya. Niliwaona wakifanya hivyo kwa kipande kimoja Jumamosi nzima. Kulikuwa pia na daftari la mishale. Kila kitu ndani yake kilikuwa na mshale: sanduku lina mshale, ngazi iliyoegemea ukuta ina mishale mitano. Nikamuuliza Nasteho nani anampiga nani. Akacheka, akasema mishale ni nguvu, na ngazi ikisimama bila kuanguka maana yake mishale yote imelingana. Nikamwambia ngazi ikisimama inasimama, kila mtu anaiona, sababu ya kuichora ni ipi. Akasema, "Ili tujue itaanguka lini, ayeyo, kabla haijaanguka." Nilidhani ni ujanja wa maneno.

Siku ya karakana nilifurahi, nikadhani sasa mafuta yatakuja. Alirudi na malengelenge. Nikashika mkono kwa matumaini. Nikaambiwa wamepewa kipande cha chuma na tupa, wakakibana kwenye jiriwa, na kazi ni kukisugua mpaka kiwe mraba. Wiki iliyofuata, kipande hichohicho. Alikisugua wiki sita. Siku alipokileta nyumbani kilikuwa na ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Akakiweka juu ya rula, akakiinua mbele ya dirisha anionyeshe kwamba hata mwanga haupiti kati yao. Ni kweli haukupita. Nikamuuliza, "Kinafanya nini?" Akasema, "Hakifanyi kitu. Ni cha kujifunza mkono." Nikakichukua nikakiweka juu ya kifuniko cha sufuria ya maziwa kuzuia paka, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ambayo chuma kile kiliwahi kufanya. Alikitazama pale juu ya sufuria, akarudi kwenye ubao wake. Leo nikikumbuka uso wake nakumbuka pia kwamba niliona, na niliendelea kupika.

Kilichonimaliza ni maneno niliyosikia mchana mmoja wa joto. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, na wao walidhani nimesinzia. Mwende akasema, "Nasteho, niambie ukweli. Wewe tangu uje hapa, umeona injini hata moja?"

"Ya basi ya chuo."

"Na hiyo imekufa."

Wakacheka mpaka penseli zikaanguka. Halafu Mwende akasema kwa sauti ya chini, "Na shosh akikuuliza?"

"Namwambia tumesoma nguvu."

"Nguvu za nani sasa, na wewe huwezi kufungua mfuniko wa soda?"

Wakacheka tena wakizibana midomo. Nililala vilevile, uso ukutani. Nilihisi kwamba mabati yote ya mtaa wetu yanacheka. Niliona wazee arobaini wamekaa, na mimi nimesimama katikati nikitoa neno langu kwa ajili ya wasichana wawili wanaocheka juu ya meza.

Siku ya pili Nasteho alipoondoka nilikunja mchoro mmoja, nikachukua na daftari la mishale na la hesabu, nikavaa baibui nikaenda kwa Fundi Dubow. Yadi yake ilikuwa karibu na soko la mifugo, imejaa pampu zilizovuliwa na mabomba yaliyopinda. Alitengeneza visima kuanzia Tarbaj mpaka huku kwetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mtu wa heshima. Aliniita eddo, shangazi, akanipangusia betri kubwa nikae juu yake. "Kaa, eddo, haina umeme tena, haitakufanya kitu." Nikamwambia nimekuja kwa siri. Nikafungua karatasi. Akaitazama, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Hii ni kitu gani?" akauliza.

"Wewe ndiye fundi."

"Ni kitu moja imechorwa mara tatu. Mara moja ingetosha."

"Pampu iko wapi?"

Akapekua daftari zote mbili, taratibu, akilamba kidole. "Pampu haiko, eddo. Jenereta haiko. Hakuna hata waya. Kuna herufi. Hii hesabu imekosa namba." Akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele yangu. Ulikuwa na vidole vitatu. "Mimi mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa Elwak. Viwili viliingia kwenye mkanda wa mashine. Msichana wako ana miezi mingapi huko?"

"Saba."

"Na vidole?"

"Vyote."

Akainua mabega. Sababu hiyo iliniingia kichwani sawasawa, sitaficha. Niliona ni hoja isiyo na jibu. Nilipoinuka aliongeza kitu, na haki yake niiandike: "Lakini eddo, usimrudishe kwa maneno yangu. Mimi sikukaa darasani, sijui wao huanzia wapi." Hayo niliyasikia kwa sikio moja. Nilifika nyumbani, nikarudisha daftari mahali pake, na jioni nikamhoji Nasteho kwa ukali kuliko siku zote. Aliona kwamba utepe wa gundi kwenye ubao umebanduliwa na kubandikwa upya upande mwingine. Akaupitisha kidole. Akaniangalia. Kisha akajibu maswali yangu yote, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na mimi, sauti ya mtu anayejibu askari.

Mwaka wa masomo ulipoisha tukarudi nyumbani pamoja. Mvua ya masika ilikuwa imepita juu bila kushuka, na watu wa mbali walikuwa wamehamia kwenye kisima chetu na wanyama wao. Tulikaa siku tisa. Siku ya kumi asubuhi jenereta lilinguruma kama kawaida na maji hayakutoka. Kufikia saa nne hodhi lilikuwa na tope tu, na ngamia wameanza kunusa zege. Dubow aliitwa, akafika kesho yake na vijana wake, nguzo tatu za chuma na mnyororo wa kuinulia. Wazee wakakaa kwenye kivuli cha turubai ubavuni mwa kibanda cha jenereta. Mzee Shale akasema, "Mwiteni injinia wetu kwanza."

Nasteho alikuja amejifunika vizuri, viatu vimejaa vumbi. Akazunguka kile kisima. Akasoma kibao kidogo cha bati kilichokuwa kwenye kibanda, ambacho nusu yake kimeliwa na kutu. Akauliza mabomba yaliyozama ni mangapi. Mmoja akasema hamsini. Mwingine akasema sitini na zaidi, yaliongezwa mwaka wa ukame. Akauliza nani aliandika. Hakuna aliyeandika. Akauliza mara ya mwisho yalitolewa lini, wakabishana. Mzee Shale akachoka, akasema, "Sisi hatukukuita utuulize. Tulikuita utuambie. Kisima kina ugonjwa gani?"

"Sijui, adeer," akasema Nasteho, jinsi tunavyomwita ami.

Kuna waliocheka. Kijana mmoja wa Dubow akasema, "Mwaka mzima, na amerudi na sijui." Wengine wakaitikia kwa kicheko. Nilikuwa nimesimama nyuma na wanawake, na nilivuta mtandio mpaka machoni.

"Pampu sijafundishwa," akaendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ni mwaka wa tatu hiyo. Lakini kabla ya kuinua kitu lazima ujue unainua kiasi gani, hiyo tumefundishwa. Mabomba hamsini na mabomba sitini si uzito mmoja, na huenda yamejaa maji. Mimi sijui uzito. Fundi, wewe unajua?"

"Mimi nimevuta visima kabla mama yako hajaolewa," akasema Dubow, bila hasira.

"Najua, adeer. Kishikizo chako cha kubana bomba ni kimoja. Bomba likiachia pale linapoungana, hakuna cha kulishika la chini. Gari la kaunti lina mashine ya kuvutia, na lina vishikizo viwili. Msivute, lingojeni, watu wa kaunti walisema litafika baada ya siku nne."

"Siku nne ngamia wataishi. Mbuzi je?" akauliza mtu.

"Sijui," akasema tena.

Dubow hakuwa amegusa mnyororo. Hilo ndilo nataka mama wa Bura alisome, kama kuna atakayemsomea. Alisimama na mkono wake wa vidole vitatu juu ya nguzo, akasema, "Wazee, mimi naweza kuvuta na naweza kungoja. Semeni." Mzee Shale akanigeukia mimi, akaniita kwa jina, mbele ya wote. "Wewe ndiye uliyesimama kwa ajili ya msichana huyu. Umekaa naye mwaka mzima. Maneno yake tuyachukue au tuyaache?"

Nasteho alinitazama. Nilifikiria pazia, kicheko, ngazi yenye mishale, mikono safi. Nikasema, "Yaacheni. Vuteni."

Walivuta kuanzia baada ya adhuhuri. Mabomba kumi yalitoka, yakalazwa mchangani, na watu wakaanza kuchangamka. La kumi na moja lilipokuwa nusu juu kulisikika mlio mdogo, kama mtu amekohoa. Mnyororo ukalegea. Halafu ardhi ikanguruma chini ya miguu yetu, kitu kirefu kikishuka mbali, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kushuka, na baadaye kimya. Hakuna aliyeumia. Dubow alikaa chini palepale, miguu ameinyoosha kama mtoto. Aliyekuja na gari la kaunti siku nne baadaye alishusha taa kwa kamba, akaangalia, akasema kisima hiki kimeziba na hakitafunguka. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka kuelekea mtoni, wengine usiku uleule, na mbuzi wengi hawakufika. Dada yangu peke yake alifika na saba kati ya arobaini.

Niliyafikiria hayo kwenye njia ya mtoni, nikitembea nyuma ya punda. Mwaka mzima nilimhoji yule msichana kama sahan. Na mwaka mzima, nilipomuuliza jambo asilolijua, alisema hajui. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakihoji, na nilikuwa nikikaa karibu na maziwa nikisikiliza. Sahan mwongo hakosi jibu hata moja. Atakueleza mpaka rangi ya nyasi. Yule waliyemfuata na watoto wao ni yule aliyesema, hapa nilifika, pale sikufika. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma namba. Lakini mbele ya karatasi na rula nilidhani sheria za kumjua mwongo zimebadilika.

Tulipofika mtoni wazee walikaa tena. Lilikuwa jambo fupi. Dhamana ameondoa neno lake, msichana anabaki nyumbani. Hakuna aliyesema kwa ubaya, walikuwa wamechoka. Nilikwenda nikasimama ukingoni mwa mkeka wao bila kuitwa. Nikasema neno nililoliondoa nimelirudisha.

Mzee Shale akasema, "Neno si kamba ya ndoo, unaitupa ukitaka, unaivuta ukitaka."

"Basi liacheni hilo," nikasema. "Chukueni jingine. Mliniuliza mimi, si Dubow. Mabomba niliyaangusha mimi. Kila aliyepoteza mbuzi anijue mimi. Lakini msichana aliwaambia msivute, na kila mmoja wenu alisikia. Kama mnamzuia asisome, mseme ni kwa kosa gani."

Walikaa. Mmoja alichora mchanga kwa fimbo. Mwisho Mzee Shale akasema, "Hakuna kosa," akainuka kwenda kutawadha, na hiyo ndiyo ruhusa niliyopata. Kuna watu wa ukoo wetu ambao hawajala kwangu tangu siku ile. Sijawalaumu. Habari ilipofika mjini, ikawa Dubow ndiye aliyevuta kwa kiburi, kwa kuwa watu wa mjini hawakuwepo, na mimi nilipokuwa mjini sikuisahihisha. Alijua siisahihishi. Tulipokutana sokoni aliniita eddo vilevile.

Nasteho alikuwa hajaniambia neno la ziada tangu kisimani. Aliniletea chai, aliniitikia, alinishika mkono kwenye matope ya mto. Asubuhi ya kurudi chuoni nilimfungia anjera kwenye kitambaa, na yeye akawa anapanga daftari zake ndani ya begi, la mishale juu. Lori la mjini lilikuwa limeshawasha injini, na dereva anaita. Akafunga begi, akasimama mbele yangu, akauliza kwa Kisomali, polepole, kama anayeuliza njia, "Ayeyo, sasa unaniamini?"

Sasa yuko mwaka wa mwisho, na mikono yake ina mafuta ambayo sabuni haitoi. Siku hizi simkagui. Lakini asubuhi ile mikono yake ilikuwa bado safi, na jibu nilikuwa nalo tangu njia ya mtoni. Niliogopa nikilitoa nitalia mbele ya dereva, na yeye atalia, na lori litaondoka bila yeye. Nikamrekebishia mtandio begani.

"Bado," nikamwambia. "Nenda kasome."

Katika maneno yote yaliyosemwa kati yetu wawili mwaka ule, huo ndio uongo pekee ninaoujua, na ulikuwa wangu.